Kombe la Taifa na Sisi Watu wa Mpakani

Wewe wa Burumba na Marachi hapa Busia mjini, wewe wa Adungosi na Amagoro, na wewe dereva uliye Malaba kwenye foleni, ambaye redio ya lori ndiyo mwenzako mpaka karatasi zitoke, nisikilize. Leo nataka tuzungumze habari za raga.

Najua wengi wenu ni watu wa kandanda. Kandanda ndiyo mchezo wa kila kiwanja cha shule kuanzia Funyula hadi Malaba, na sina ugomvi nayo. Lakini lipo kombe moja la taifa hili ambalo umri wake umepita nusu karne, linaitwa Kenya Cup. Ndilo ubingwa wa klabu za raga ya wachezaji 15 kila upande. Historia ya miaka yake ya mwanzo inatuhusu sisi wa mpakani kuliko tunavyodhani, na inatuhusu kwa sababu hatukuwamo.

Turudi nyuma kidogo. Raga iliingia Kenya pamoja na ukoloni. Mechi ya kwanza iliyowekwa kwenye kumbukumbu ilichezwa Nairobi mwaka 1909, maofisa wa serikali upande huu, masetla upande ule. Mwaka 1923 ikaundwa klabu ya Nondescripts, ambayo mpaka leo mashabiki wanaiita Nondies. Baadaye wakaja Harlequins, yaani Quins, wakaja na Impala. Huko nyanda za juu, Nakuru, Eldoret na Kitale, masetla nao walikuwa na timu zao, wakiwemo Makaburu waliohamia Uasin Gishu tangu 1908. Mwafrika kwenye viwanja hivyo alikuwa mtu wa kukata nyasi na kupeleka vinywaji. Mpira haukuwa wake.

Mwaka 1953 kikaundwa chama cha raga cha Afrika Mashariki nzima: Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Ule uwanja maarufu wa Ngong Road kule Nairobi mpaka leo unabeba jina la chama hicho. Wachezaji wa Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, waliupitia mwaka 1955 walipotoka ziara ya Afrika Kusini, wakarudi tena 1962, na safari hiyo ya pili waliichapa timu ya Afrika Mashariki 50 kwa 0. Vilevile, tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, palikuwa na Enterprise Cup, kombe lililopewa jina la manowari ya Uingereza, ambalo timu za nchi zote tatu zilikaribishwa kuliwania.

Hapo ndipo sisi tunapotokea kwenye ramani. Reli iliyopanda kutoka Nakuru ikapita Eldoret, ikavuka mto Malaba kuingia Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Barabara nayo ni hizi hizi mbili unazozijua, ya Malaba na ya Busia. Timu ya Kampala iliyotaka kwenda kucheza Nairobi, au ya Nairobi iliyotaka kwenda Kampala, kwa nchi kavu haikuwa na mlango mwingine. Raga ilikuwa ikipita hapa kwetu miaka yote ile. Haikuwahi kushuka.

Sasa tufike 1970. Uhuru una miaka saba. Wazungu wengi wa nyanda za juu wameuza mashamba na kuondoka, na timu zao zimeondoka pamoja nao. Mwaka huo Kenya inapata chama chake yenyewe cha raga, na mwaka huohuo Kenya Cup inaanza. Kabla ya hapo Nairobi ilikuwa na ubingwa wake wa wilaya, Nairobi kwa Nairobi. Sasa jina limebadilika na kuwa la taifa.

Hebu tulitazame pambano la siku zile kwa karibu, maana mchezo haukuwa kama huu unaouona kwenye runinga. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi. Mvua ikinyesha, ngozi inakunywa maji, na kufikia kipindi cha pili mpira umekuwa mzito na unateleza mikononi. Jezi zilikuwa za pamba nzito zenye kola, zikilowa zinamning'inia mchezaji mpaka mapajani. Kisha hesabu ya pointi. Mwaka ule wa 1970, trai moja ilikuwa na pointi 3. Yaani mchezaji akimbie na mpira, akwepe watu, aangushwe, ainuke, mpaka aulaze mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, apate 3. Na aliyepiga penalti katikati ya milingoti naye alipata 3. Na aliyeudondosha mpira chini na kuupiga ukapita juu ya mwamba alipata 3 pia. Utaona kwamba timu yenye mpigaji mmoja hodari ingeweza kushinda kutwa nzima bila kuvuka mstari hata mara moja. Mwaka uliofuata wakuu wa mchezo duniani waliipandisha trai ikawa 4, na mwaka 1992 ikawa 5 kama ilivyo leo. Kwa hiyo wale mabingwa wa kwanza wa Kenya Cup walishinda raga ya miguu na vifua, raga ya kusukumana kwenye skramu hadi upande mmoja ufanye kosa, halafu mpigaji aitwe.

Jambo jingine la siku zile, na hili ndilo kubwa kwangu, ni pesa. Raga ya wachezaji 15 ilikuwa mchezo wa ridhaa duniani kote mpaka mwaka 1995. Kumlipa mchezaji kulikuwa kosa. Wapo wanaolisifu jambo hilo wakisema watu walicheza kwa mapenzi, na kweli walicheza kwa mapenzi. Lakini jiulize, msikilizaji: ni nani anayeweza kucheza mchezo wa nguvu vile kila Jumamosi bila kulipwa? Ni mtu mwenye kazi ya ofisini inayofungwa Ijumaa jioni au Jumamosi saa sita. Ni mtu ambaye akivunjika mfupa wa bega, mshahara wa mwisho wa mwezi bado unaingia. Ni mwanachama wa klabu yenye nyumba yake, bafu la maji moto, kiwanja chenye nyasi na mtu wa kukikata. Vitu hivyo mwaka 1970 vilikuwa Nairobi.

Busia mwaka ule ilikuwa nini? Ilikuwa kituo cha forodha na maduka machache kando ya barabara, na vijana wenye baiskeli nyeusi za chuma wakiwabeba abiria na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Ndiyo kazi iliyokuja kuitwa boda boda ikaenea bara zima. Kijana aliyeshinda akiendesha baiskeli yenye mtu na gunia hakukosa miguu wala mapafu ya kucheza raga. Alikosa Jumamosi.

Na msiniambie kwamba huku hakukuwa na wanamichezo. Mwaka 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, alikuwepo mruka viunzi aitwaye Aggrey Awori, mtoto wa ukoo wa Samia unaoishi pande zote mbili za mpaka. Aliiwakilisha Uganda, akaja kuwa mbunge na waziri huko. Ndugu yake Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula hapa Kenya kisha Makamu wa Rais. Familia moja, bendera mbili, na miguu ya kiwango cha dunia ilikuwemo humo. Kwa hiyo damu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mlango.

Mlango wa raga wakati ule ulikuwa shule. Duke of York ilikuwa imegeuzwa Lenana, Prince of Wales ikawa Nairobi School, na baada ya uhuru watoto wa Kiafrika walianza kujaa madarasani mle. Walikuta milingoti ya raga imesimama kiwanjani, na walimu wanaoujua mchezo. Mtoto wa Butula au Nambale aliyefaulu vizuri na kuitwa shule hizo aliukuta mpira wa yai akiwa kidato cha kwanza. Mwenzake aliyebaki nyumbani, hata kama alikuwa na mbio zaidi na bega zaidi, hakuuona.

Wavulana wale wa shule ndio waliokuja kuligeuza kombe, na mwaka wa kuukumbuka ni 1977. Nitakaa hapo kidogo, kwa sababu ni mwaka ambao sisi wa mpakani tunaukumbuka kwa mambo mengine kabisa.

Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia Kenya Cup na timu yao, Mean Machine, na mwaka huohuo wa kwanza wakalibeba kombe. Fikiria: vijana wa kulala mabwenini na kula chakula cha chuo, wanaingia kwenye ubingwa uliokuwa wa klabu za wazungu na matajiri, na wanaondoka nao. Mwaka huohuo ikaundwa Mwamba, klabu ya kwanza ya raga ya Waafrika wenyewe, ile ambayo mashabiki wake wanaiita Kulabu. Haikuwa na nyumba ya fahari wala historia ya kujivunia. Ilichukua miaka sita tu, na mwaka 1983 Mwamba nao wakawa mabingwa. Mimi naamini Kenya Cup ilianza upya mwaka 1977, na kwamba yale ya tangu 1970 yalikuwa matayarisho.

Na huku kwetu? Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin tangu 1971. Waasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, Waingereza wengi wakafuata, na raga ya Kampala, ambayo ilisimama kwa mikono ya wageni hao, ikadhoofika vibaya. Upande wetu, watu wazima mtakumbuka kahawa ya magendo. Baridi kali iliua mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka mpaka usiku kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli. Pale Chepkube, kaskazini yetu kidogo, kijiji kiligeuka mji wa pesa kwa msimu mmoja miwili. Vijana wenye nguvu wa eneo hili, wale ambao umri wao ulikuwa sawa na wa wanafunzi wa Mean Machine, walikuwa wakibeba magunia gizani.

Simlaumu aliyebeba. Ninachosema ni kwamba katika mwaka mmoja, vijana wa rika moja wa nchi moja, wengine nguvu zao ziliandikwa kwenye historia ya michezo ya taifa, na wengine nguvu zao zikaishia kwenye magendo. Tofauti yao ilikuwa kiwanja, shule na mwalimu.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Kombe liliendelea kuzunguka Nairobi: Nondies, Quins, Impala, timu za benki, KCB wakatamba sana kuanzia 2005. Hakuna klabu ambayo jina lake limeandikwa kwenye kombe lile mara nyingi kama Nondies. Raga ya Kenya ikapata sifa duniani kwa wachezaji saba kila upande, mpaka ile siku ya Aprili 2016 tulipoifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore. Wasichana wetu nao, Lionesses, wakacheza Olimpiki ya Rio na ile ya Tokyo. Lakini ubingwa wa klabu ulibaki ndani ya jiji moja. Kombe lenye jina la Kenya lilichukua zaidi ya miaka 40 kutoka Nairobi! Nakuru ndio waliolitoa, mwaka 2013, wakalitetea 2014.

Kisha likaja kwetu magharibi. Mwaka 2016 Kabras ya Kakamega, timu inayobebwa na kiwanda cha sukari cha West Kenya, iliishinda Impala ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Ikapoteza fainali kwa KCB miaka iliyofuata, haikukata tamaa, ikarudi na kulichukua 2022, 2023 na 2024 mfululizo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, palepale Kakamega, nacho kikapandisha timu yake hadi Kenya Cup. Kutoka hapa Busia hadi Kakamega kwa njia ya Mumias hakufiki kilomita 100. Kwa zaidi ya miaka 40 ubingwa huu ulikuwa mbali nasi zaidi ya kilomita 400, na sasa mtu anaweza kutoka Korinda asubuhi, akaona mechi, akarudi nyumbani kabla ya giza.

Kabras wamefanyaje? Hawakuagiza uchawi. Walipata mwajiri aliyekubali kuwapa vijana kazi na muda wa mazoezi. Wakapata kiwanja cha maonyesho ya kilimo. Wakawa na shule za sekondari jirani ambazo tayari zilikuwa zinacheza. Mambo hayo matatu, yaani riziki, kiwanja na shule, ndiyo yaleyale yaliyokuwa Nairobi mwaka 1970 na hayakuwa huku.

Na sasa nije kwenye lile lililonifanya nichague mada hii. Hapa Busia na Malaba leo tunayo mawili kati ya hayo matatu, na la tatu linaweza kupatikana.

Tuna chuo kikuu. Alupe iko kwenye barabara inayotuunganisha na Malaba, na sasa ni chuo kikuu kamili chenye vijana wa kutoka kila kona. Mean Machine walikuwa wanafunzi kama hawa. Tuna viwanda. Kampuni hiyohiyo inayoibeba Kabras ina kiwanda Olepito, Teso Kusini, na kipo kingine cha Busia Sugar. Miwa inayoingia kwenye mashine hizo imelimwa na wazazi wa vijana wetu. Si vibaya wazazi hao wakiuliza ni kitu gani cha michezo kinachorudi kwa watoto wao.

Miili nayo tunayo. Nenda Malaba wakati lori la mahindi linapakuliwa. Tazama kijana anavyopokea gunia la kilo 90: anapinda magoti kwanza, mgongo ameunyoosha, shingo ameikaza, kichwa kimeinuka kidogo, halafu anainuka kwa mapaja. Kocha wa raga hutumia mwezi mzima kumfundisha mtu wa safu ya mbele ya skramu kukaa hivyo ili shingo yake isiumie. Huyu anajua tayari. Hakuna aliyewahi kumwita.

Kuna jambo jingine ambalo Kakamega hawana na sisi tunalo, nalo ni jirani. Tangu 2004 Kenya na Uganda huwania Kombe la Elgon, mechi moja kwao, moja kwetu. Mlima wenyewe, mtu wa Amagoro anauona asubuhi hewa ikiwa safi. Jinja kuna klabu ya Hippos inayocheza ligi kuu ya Uganda, na kutoka Busia, Jinja ni karibu mno kuliko Nairobi. Uganda waliijenga upya raga yao baada ya Amin, wakaijenga hasa, mpaka mwaka 2007 wakawa mabingwa wa Afrika kwa kuwafunga Madagascar kwao Antananarivo. Klabu ya mpakani ingeweza kupata mechi za kirafiki pande zote mbili kwa nauli ya matatu. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa hapa Busia mwaka 2018, marais wote wawili walisema biashara ivuke kwa urahisi. Na ivuke. Na wachezaji nao wavuke.

Kinachobaki ni kiwanja. Uwanja wetu wa mjini ni wa kandanda, na watu wa kandanda wanauhitaji kila siku; sipendekezi tuwanyang'anye. Kiwanja cha raga kinahitaji nyasi kwelikweli, kwa sababu mchezaji anaangushwa chini kila dakika. Kokoto na udongo mgumu ni hatari kwa magoti na mabega, na mzazi yeyote mwenye akili atamkataza mwanawe. Kinahitaji milingoti miwili mirefu kila upande. Kinahitaji mtu wa huduma ya kwanza anayejua kumshughulikia aliyegonga kichwa, na sheria ya kwamba aliyegonga kichwa harudi mchezoni siku hiyo hata akijiona mzima. Hayo si mambo ya mabilioni. Ni mambo ya uamuzi.

Kwa hiyo nawataja wahusika kwa majina ya ofisi zao. Idara ya michezo ya Kaunti ya Busia: tafuteni ekari chache kati ya Korinda na Malaba, pandeni nyasi, simamisheni milingoti. Chuo Kikuu cha Alupe: anzisheni timu ya wavulana na ya wasichana, muisajili kwenye ligi za chini za chama cha raga, mpande ngazi kwa ngazi. Viwanda vya sukari vya Olepito na Busia Sugar: wapeni nafasi za kazi vijana 20 watakaocheza. Walimu wakuu wa sekondari zetu: mpira mmoja wa raga katika kila shule, tuanze hapo. Na wewe mzee uliyesoma Lenana au Nairobi School, ukacheza, na sasa umestaafu umekaa nyumbani Nambale au Butula, kuna vijana hapo kijijini ambao hawajawahi kuonyeshwa jinsi ya kumwangusha mtu bila kumuumiza wala kujiumiza. Watoe nje Jumamosi hii uwaonyeshe. Jina la klabu ya Busia halijawahi kuandikwa kwenye Kenya Cup tangu 1970.